Fidia ya kuumia kazini Marekani: haki inayopotea kwa ukimya

Mfanyakazi anayeumia kazini nchini Marekani, mara nyingi, ana haki ya kutibiwa bila kutoa hata senti moja mfukoni mwake, na kulipwa sehemu ya ujira wake kwa muda wote ambao daktari atamzuia kufanya kazi.

Halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri wake alifanya kosa. Hata kama ni yeye mwenyewe aliyeteleza kwa kutoangalia alipokanyaga, kwa kawaida haki hiyo haifutiki.

Hata hivyo, ni haki yenye tarehe zake. Mfanyakazi anayevumilia maumivu, akanyamaza kwa kuogopa kufukuzwa, huweza kugundua siku anapoamua kusema kwamba muda uliowekwa na sheria umekwisha kupita.

Suala hili linawagusa moja kwa moja wasemaji wa Kiswahili. Katika miaka mingi kati ya 2016 na 2023, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao walipelekwa kuishi katika majimbo kama Texas, Kentucky, Ohio na Iowa.

Wapo kati yao, sawa na wahamiaji kutoka Kenya, Tanzania na nchi jirani, waliopata riziki katika viwanda vya nyama, maghala ya mizigo, nyumba za kutunzia wazee na udereva wa malori. Ni kazi zinazochosha mikono, migongo na magoti.

Mapatano ya zaidi ya karne moja

Mpango wenyewe ni bima ya fidia kwa wafanyakazi. Mahali pa kazi mtu atausikia ukitajwa kwa jina la mkato la Kiingereza, "workers' comp".

Anayelipa ada ya bima hiyo ni mwajiri. Kwa jumla mfanyakazi hakatwi chochote katika mshahara wake kwa ajili hiyo, ingawa jimbo la Washington ni mfano wa mahali ambapo naye huchangia sehemu.

Ili kuelewa kwa nini bima hii inatoa inachotoa, na kwa nini inanyima inachonyima, inafaa kurudi nyuma kidogo.

Kabla ya sheria hizi kuwapo, aliyeumia alikuwa na njia moja tu, nayo ni kumshitaki mwajiri mahakamani. Huko mwajiri alikuwa na ngao tatu. Aliweza kudai kwamba mfanyakazi alichangia katika ajali, kwamba aliyesababisha ni mfanyakazi mwenzake, au kwamba alipokubali kazi alikubali pia hatari zake. Wengi walishindwa, wakarudi nyumbani na ulemavu pamoja na umaskini.

Ujerumani ilitangulia kuweka bima ya ajali za kazini mwaka 1884, enzi za Kansela Otto von Bismarck. Uingereza ilifuata kwa sheria yake ya mwaka 1897.

Jimbo la New York lilipitisha sheria kama hiyo mwaka 1910, lakini tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliibatilisha. Siku iliyofuata moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, ambamo baadhi ya milango ilikuwa imefungwa. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji.

Mwaka huohuo wa 1911 Wisconsin ilipitisha sheria iliyodumu. New York ilibadilisha katiba yake mwaka 1913 ili iweze kutunga sheria upya, na mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ikathibitisha kwamba sheria ya namna hiyo ni halali. Mississippi ilijiunga na majimbo mengine mwaka 1948.

Msingi wa sheria zote hizo ni mapatano. Mfanyakazi alipata malipo ya uhakika bila kuulizwa nani mkosaji. Badala yake aliachia haki ya kumshitaki mwajiri wake kwa ajali ya kawaida ya kazini.

Ndiyo sababu bima hii hailipi chochote kwa ajili ya uchungu na mateso, jambo linalowashangaza wengi waliozoea kusikia habari za mamilioni ya dola yanayotolewa na mahakama za Marekani.

Mlango mmoja ulibaki wazi. Ikiwa aliyesababisha ajali ni mtu wa nje, kwa mfano dereva wa kampuni nyingine au mtengenezaji wa mashine mbovu, mfanyakazi anaweza kumshitaki huyo huku akiendelea kupokea fidia.

Kinacholipwa

Kwanza ni matibabu: daktari, hospitali, upasuaji, dawa na mazoezi ya viungo, almuradi yanahusiana na jeraha la kazini. Bili haipelekwi kwa mgonjwa, wala haipaswi kupelekwa kwenye bima yake ya kawaida ya afya.

Pili ni malipo badala ya mshahara. Katika majimbo mengi kiwango ni theluthi mbili ya wastani wa mapato ya wiki kabla ya makato, bila kuzidi kima cha juu cha jimbo. Texas hutumia asilimia 70 katika hali nyingi, na Iowa hutumia asilimia 80 ya kile kinachobaki baada ya kodi. Fedha hizo hazitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu.

Tuseme mfanyakazi wa ghala karibu na Chicago, katika jimbo la Illinois, hupata dola 720 kwa wiki. Akiteguka mgongo na daktari akamzuia kazi, malipo yake yatakuwa dola 480 kwa wiki.

Siku tatu za mwanzo hazilipwi. Lakini akikaa nje ya kazi siku 14 au zaidi, hata siku hizo tatu hulipwa. Kwa hiyo akipumzika wiki tatu kamili, anapaswa kupokea dola 1,440.

Baadaye huenda daktari akamruhusu kufanya kazi nyepesi, na mwajiri akampa kazi ya mezani ya dola 420 kwa wiki. Tofauti na mshahara wake wa zamani ni dola 300, na bima humlipa theluthi mbili ya tofauti hiyo, yaani dola 200. Kuikataa kazi nyepesi iliyo ndani ya mipaka aliyoweka daktari kunaweza kusimamisha malipo.

Siku za kusubiri hutofautiana. California ni siku tatu, ilhali New York na Texas ni siku saba. Katika majimbo hayo yote, siku hizo hulipwa baadaye ikiwa mtu atakaa nje ya kazi kwa zaidi ya wiki mbili.

Tatu, iwapo mfanyakazi amefariki, bima huchangia gharama za mazishi na huwalipa mke au mume na watoto waliomtegemea. Familia zilizobaki Afrika zinapaswa kujua kwamba baadhi ya majimbo huweka masharti tofauti kwa wategemezi wanaoishi nje ya Marekani. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, pamoja na stakabadhi za fedha zilizotumwa nyumbani, huwa ushahidi muhimu.

Kidole kuhesabiwa kwa wiki

Sehemu ya nne ni ulemavu wa kudumu, na ndiyo inayozua maswali mengi zaidi.

Majimbo mengi yana orodha ya viungo, na kila kiungo kimewekewa idadi ya wiki za malipo. Wasomaji wanaoijua diya katika sheria ya Kiislamu, ambayo nayo huainisha thamani ya mkono, jicho na kidole, hawatauona utaratibu huo kuwa mgeni sana.

Lakini thamani ya kiungo hubadilika mtu anapovuka mpaka wa jimbo. Katika New York mkono, kuanzia kiganja, ni wiki 244, kidole gumba wiki 75 na kidole cha shahada wiki 46. Katika Iowa mkono huohuo ni wiki 190, gumba wiki 60 na cha shahada wiki 35.

Si lazima kiungo kiwe kimekatika. Daktari akiamua kwamba mkono umepoteza nusu ya uwezo wake, katika New York hesabu huwa nusu ya wiki 244, yaani 122.

Mgongo, shingo na kichwa kwa kawaida havimo katika orodha hizo. Huko kinachopimwa ni kiasi gani mtu amepungukiwa uwezo wa kujipatia kipato, na hapo ndipo mabishano makali hutokea.

Nani yumo, nani hayumo

Texas inajulikana kwa kuwaachia waajiri wengi wa sekta binafsi hiari ya kununua bima hii au kutonunua. Asiyenunua anaweza kushitakiwa mahakamani, na huko haruhusiwi kujitetea kwamba mfanyakazi naye alichangia katika ajali. Ila sasa ni mfanyakazi anayepaswa kuthibitisha uzembe wa mwajiri.

Katika majimbo mengine karibu yote bima ni lazima, ingawa mengi huwaacha nje baadhi ya waajiri wadogo na wenye mashamba. Wafanyakazi wa majumbani nao hutegemea sheria ya jimbo. New York, kwa mfano, huwajumuisha wanaofanya kazi saa 40 au zaidi kwa wiki kwa mwajiri mmoja.

Wafanyakazi wa serikali kuu, wa reli na mabaharia wana sheria zao za pekee.

Kundi lililo hatarini zaidi ni wale wanaoitwa wakandarasi huru. Dereva wa lori anayepewa mwisho wa mwaka fomu namba 1099 badala ya W-2 huambiwa kwamba yeye si mwajiriwa, kwa hiyo hana fidia.

Karatasi hiyo peke yake haimalizi mjadala. Mamlaka za majimbo huangalia hali halisi: nani anayepanga ratiba, nani mwenye vifaa, na kama mtu huyo ana uhuru wa kweli wa kufanya kazi kwingine. Wapo walioitwa wakandarasi ambao sheria iliwatambua kuwa waajiriwa.

Kuhusu wasio na vibali vya kuishi au kufanya kazi, sheria za majimbo mengi, zikiwemo za California na Texas, huwajumuisha. Wyoming ni kati ya majimbo yanayoweka masharti magumu zaidi. Anayehofia hali yake ya uhamiaji hana budi kumwona wakili kabla ya kutia saini karatasi yoyote.

Ajali zinazotokea njiani kwenda au kutoka kazini kwa kawaida hazimo. Anayeumia akiwa amelewa, au kwa kujiumiza makusudi, naye huweza kunyimwa.

Maumivu yasiyo na tarehe

Kuna hatua mbili zenye muda tofauti, nazo mara nyingi huchanganywa.

Ya kwanza ni kumjulisha mwajiri. New York, Texas na California hutoa siku 30. Illinois ni siku 45, na Iowa ni siku 90. Ya pili ni kufungua madai rasmi. California na Texas hutoa mwaka mmoja, New York na Iowa miaka miwili, na Illinois miaka mitatu. Hizo ndizo kanuni za jumla, nazo zina vighairi vyake.

Kumwambia msimamizi kwa mdomo ni mwanzo mzuri, lakini maneno hayaachi alama. Taarifa ya maandishi, hata ikiwa ni ujumbe wa simu wenye tarehe, saa, mahali na kiungo kilichoumia, ni vigumu kuikana baadaye.

Aliyeangukiwa na sanduku anaijua siku yake. Ugumu uko kwa wale ambao jeraha lao lilikuja polepole.

Mwanamke anayekata nyama kwa kisu, akirudia mwendo uleule maelfu ya mara kwa zamu moja, huanza kuhisi ganzi ya vidole usiku. Mshipa wa fahamu unaopita katika kifundo cha mkono umebanwa. Hakuna siku ya ajali, hakuna damu wala shahidi. Anafikiri ni uchovu, anapaka dawa ya kuchua, na anarudi kazini.

Sheria za majimbo mengi hulitambua jeraha la namna hiyo. Kwa kawaida muda huanza kuhesabiwa tangu mfanyakazi alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba maumivu yake yanatokana na kazi. Mara nyingi siku hiyo ni ile daktari alipomwambia hivyo, na akiondoka hospitali bila kumjulisha mwajiri, siku huanza kupungua bila yeye kufahamu.

Maneno yanayoandikwa na daktari

Kinachosemwa katika ziara ya kwanza hospitalini huenda kikawa na uzito kuliko yote yatakayosemwa baadaye.

Mgonjwa anayemwambia daktari tu kwamba mgongo unamuuma, bila kueleza kwamba ulianza alipokuwa akimwinua mzee kitandani kazini, ataandikiwa maumivu ya mgongo yasiyo na chanzo. Miezi sita baadaye karatasi hiyo ndiyo kampuni ya bima itakayoitoa.

Kwa hiyo lugha ina uzito wake. Mtoto wa shule kumtafsiria mzazi wake ni jambo la kawaida katika familia za wahamiaji, lakini mtoto huenda asijue tofauti ya kuteguka na kuvunjika, wala umuhimu wa neno kazini. Hospitali nyingi hutoa mkalimani wa Kiswahili kwa njia ya simu, na mgonjwa anaweza kumwomba.

Anayemchagua daktari hutegemea pia jimbo. Katika Iowa mwajiri ndiye mwenye haki ya kuchagua. Katika Illinois mfanyakazi ana nafasi ya kuchagua mwenyewe. Katika New York huchagua kati ya madaktari walioidhinishwa. Kwenda kwa daktari asiyeruhusiwa kunaweza kumwachia mgonjwa bili yote.

Madai yanapokataliwa

Barua ya kukataa kutoka kampuni ya bima si hukumu. Huo ni msimamo wa upande mmoja, na mfanyakazi ana haki ya kuomba shauri lisikilizwe na bodi au hakimu wa masuala ya fidia. Barua hiyo nayo huwa na muda wake wa kujibu.

Katika California mwajiri anapaswa kumpa mfanyakazi fomu ya madai katika siku moja ya kazi baada ya kujulishwa. Baada ya fomu kurudishwa, kampuni ya bima hupaswa kuruhusu matibabu ya hadi dola 10,000 wakati madai yakichunguzwa. Yasipokataliwa katika siku 90, kwa kawaida huchukuliwa kuwa yamekubaliwa.

Mawakili wa mashauri haya kwa kawaida hawadai malipo ya awali. Hupata sehemu ya kile kinachopatikana, kwa kiwango ambacho sheria au hakimu hukidhibiti.

Tahadhari kubwa ni juu ya malipo ya mkupuo. Kampuni ya bima huweza kutoa kiasi cha fedha ili kufunga shauri. Kwa mtu mwenye deni la kodi ya nyumba, dola elfu kadhaa ni kishawishi kikubwa. Lakini makubaliano mengi ya namna hiyo hufunga pia mlango wa matibabu ya baadaye, na mgongo uliotulia leo unaweza kuhitaji upasuaji baada ya miaka mitano. Asiyeielewa lugha ya mkataba ana kila sababu ya kutotia saini mpaka asomewe kwa lugha anayoijua.

Hofu ya kufukuzwa

Kizuizi kikubwa kwa wengi ni woga. Mfanyakazi huona kwamba kudai fidia ni kumgeuka aliyempa kazi.

Sheria za majimbo mengi humkataza mwajiri kumfukuza au kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu ya kudai fidia. Hilo halina maana kwamba hakuna wanaofukuzwa. Lina maana kwamba anayefukuzwa kwa sababu hiyo ana dai jingine juu ya lile la kwanza.

Wazo lenyewe limekwisha kuota mizizi Afrika Mashariki pia. Kenya ina sheria ya mafao ya wanaoumia kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri awe na bima. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, na mfuko wake wa fidia ulianza kazi mwezi Julai mwaka 2015 kwa michango ya waajiri. Pote huko, kama ilivyo Marekani, ada hutolewa kabla ajali haijatokea.

Mfanyakazi anayejaza fomu ya madai hamwombi msimamizi wake hisani. Anaiarifu bima iliyokwisha kulipiwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Kilichobaki upande wake ni kusema mapema, kwa maandishi, na kubaki na nakala.